Siku Tatu Roma na Fedha Kidogo

Mama mmoja, mwalimu mstaafu, ameniandikia barua. Yeye na dada yake wameweka akiba miaka sita ili wauone mji wa Roma kabla magoti hayajakataa. Nauli wamekwisha pata, na vitanda wamepewa katika nyumba ya wageni ya masista, ambako mlango hufungwa saa tano usiku. Hofu yake ni moja: “Je, tutafika huko tukabaki kusimama nje ya milango kwa kukosa kiingilio?”

La, mama. Mji ule una ajabu hii, kwamba vitu vyake vizuri vingi vimo makanisani, na kanisa halina kiingilio. Katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro utapanga foleni ili ukaguliwe, kisha utaingia bure. Mkono wa kulia, karibu na mlango, utamwona Bikira Maria amempakata Mwanawe aliyekufa, sanamu aliyoichonga Michelangelo akiwa kijana wa miaka 24 hivi. Ukitaka kupanda kuba juu, hapo utalipa. Nawe kwa magoti hayo usipande. Musa wake, yule mwenye ndevu ndefu, yumo San Pietro in Vincoli, si mbali na Colosseum. Katika San Luigi dei Francesi kuna picha tatu za Mtakatifu Mathayo alizochora Caravaggio, zaidi ya miaka 400 iliyopita. Weka sarafu ndogo tayari, maana katika makanisa kadhaa taa ya picha huwaka ukitia sarafu. Lakini mimi husubiri mwingine atie yake! Funikeni mabega, na mjue kwamba makanisa mengi hufungwa mchana, yakafunguliwa tena kwenye saa kumi.

Colosseum ni bure Jumapili ya kwanza ya mwezi, na Makumbusho ya Vatikano Jumapili ya mwisho, asubuhi. Siku hizo foleni ni ndefu mno. Kwa watu wazima wawili wenye siku tatu tu, heri kulipia kimoja na kukitazama kwa utulivu. Pantheon iliyokuwa bure, tangu Julai 2023 wageni hutozwa. Kumwona Baba Mtakatifu siku ya Jumatano huhitaji tiketi, nayo hutolewa bure. Mtu akikuuzia, mkimbie.

Basi, fedha huishia wapi? Kwenye kiti. Mwaka wangu wa kwanza nilikaa mezani kwenye uwanja mmoja mzuri, miguu ikiuma, nikaagiza kahawa mbili na maji. Bili ilipokuja nilidhani wamenipa ya meza ya jirani. Nililipa bei ya chakula cha jioni, na usiku ule nikala mkate mkavu chumbani. Hakuna aliyeniibia; bei ilikuwa imeandikwa, ila sikuisoma. Kahawa ile ile, ukiinywa umesimama kauntani, ni nafuu sana. Mara nyingi hulipa kwanza kwa mtunza fedha, kisha hupeleka stakabadhi kwa mwenye kahawa. Na mkate ulioletwa mezani bila kuagizwa, mara nyingi huwa kwenye bili. Haba na haba hujaza kibaba, na haba hizo hizo hukimaliza.

Maji msinunue. Barabarani kuna bomba za chuma zaidi ya 2,000, Warumi huziita “pua”, na maji yake mazuri hutiririka mchana na usiku. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yataruka juu kwenye kitundu kidogo nawe utakunywa bila kuinama. Chukueni chupa moja tu kutoka nyumbani.

Toka uwanja wa ndege wa Fiumicino treni ya moja kwa moja hadi kituo kikuu ni euro 14, lakini ile ya kawaida ni euro 8, nayo husimama Trastevere. Waulizeni masista ipi inawafaa kabla hamjaondoka.

Nimetaja Trastevere kwa sababu. Karibu kila kardinali hupewa kanisa lake katika Roma. Laurean Rugambwa wa Tanganyika, alipofanywa kardinali Machi 1960, alipewa San Francesco a Ripa, kanisa la Wafransisko lililo mtaani humo. Watalii si wengi kule. Ndani mna sanamu ya Ludovica Albertoni akiwa mahututi, kazi ya Bernini alipokuwa mzee. Ni bure, na mabenchi yapo. Nendeni jioni, mkae hapo mpaka miguu ipoe, mradi msisahau ule mlango wa saa tano.