Saa Elfu Sitini Kiunoni

Msemo huu siku hizi unatamkwa kana kwamba wahenga waliuleta kwa jahazi: bora kuwa nayo usiihitaji, kuliko kuihitaji usiwe nayo. Nimeusikia Houston kwenye hitima, nimeusikia Dallas kwenye harusi ya Wakongomani, na mwezi uliopita nimeusikia sebuleni kwangu, pilau ikiwa bado inafuka. Shemeji yangu amepata kazi idara ya hesabu, ghorofa ya tatu, meza ya dirishani. Amenunua na bastola. Anataka kujua kama aende nayo kazini, kaificha chini ya shati.

Waliokuwepo walimjibu kabla hajamaliza kuuliza. "Beba, shem. Bora kuwa nayo." Mimi nilimuuliza mlango wa pili wa ofisi yao uko wapi. Hakuujua. Wakacheka, wakasema nakwepa swali.

Sikulikwepa. Ila kwanza niseme la sheria, maana watu wetu huishika nusu nusu. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, hapa Texas mtu wa miaka 21 na zaidi asiye na kizuizi cha kisheria anaweza kubeba bastola bila kibali. Wengi waliisikia habari hiyo mpaka hapo, wakaondoka. Mwajiri bado ana haki ya kukukataza kuingia nayo ofisini. Asichoweza, tangu 2011, kwa waajiri walio wengi, ni kukukataza kuiacha ndani ya gari lako mwenyewe, limefungwa, kwenye maegesho yake. Mwenye jengo akibandika mlangoni lile bango la herufi kubwa, Kiingereza na Kihispania, kulipita na bastola ni kosa. Na wewe uliyeko hapa kwa visa ya muda, ya masomo au ya kazi, sheria ya shirikisho inakukataza hata kuimiliki, isipokuwa kwa vichochoro vichache kama leseni ya uwindaji. (Ndiyo, Marekani mgeni anaweza kupitia kwa kulungu ili aifikie bunduki.) Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa, lakini akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kufukuzwa nchini. Shemeji ana uraia, kwa hiyo hayo hayamhusu. Yanawahusu wawili kati ya wale waliokuwa wakimpa ushauri.

Turudi kwenye msemo. Utamu wake uko kwenye neno "kuwa nayo". Linasemwa kana kwamba kuwa na bastola ni kama kuwa na mwavuli au tairi la spea: kitu kinalala, hakili, hakinywi, kinangoja siku yake. Hebu tupige hesabu. Saa nane kwa siku, siku kama 250 kwa mwaka, miaka 30 mpaka kustaafu: saa 60,000. Msemo unaziangalia dakika tano tu za shambulio kati ya hizo, dakika ambazo karibu sote hazitatufikia kamwe, na saa zote zilizobaki unazipa bei ya sifuri. Ugomvi wangu ni na sifuri hiyo.

Anza na choo, mahali ambapo wauzaji wa bastola hawapapigi picha. Bastola ya kufichwa inakaa kwenye ala iliyoshikwa na mkanda. Ukifungua mkanda, ala inalegea na mzigo unaning'inia. Utauweka wapi? Kwenye ndoano ya mlango? Juu ya kishikio cha karatasi? Utauacha uteremke na suruali mpaka sakafuni, jirani wa choo cha pili auone kwa chini? Mwaka 2015 gazeti moja la Washington lilifichua kwamba askari wa Bunge la Marekani wamekuwa wakisahau bastola zao vyooni. Moja iliokotwa na mtoto wa miaka saba au minane kwenye choo cha ofisi za Spika. Hao ni watu ambao kubeba ndiyo ajira yao. Shemeji yangu ajira yake ni kulinganisha hati za malipo. Mwavuli ukiusahau chooni, mtu ataupeleka mapokezi.

Nayajua haya kwa sababu niliwahi kubeba. Miezi minne, enzi za kibali: darasa nililipia, shabaha nilipasi, na ofisi yetu haikuwa na bango wala katazo. Sikuacha kwa sababu ya kitabu wala takwimu. Niliacha siku ya kupunguza watu. Kulikuwa na mzee mmoja, mzawa wa hapa hapa, aliyezoea kutuletea njugu za pecan kutoka kwenye mti wa uani kwake. Aliitwa na afisa utumishi saa nne asubuhi, akarudi na boksi tupu. Akakaa. Machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Kisha akainama, akavuta droo ya chini.

Nikashtukia kiwiko changu kimeshalivuta shati nyuma.

Alitoa viatu. Jozi ya viatu vya mazoezi, akaviweka ndani ya boksi. Hakuna aliyeniona isipokuwa mimi mwenyewe. Jioni hiyo nilitambua kwamba kwa miezi minne nilikuwa nikimtazama kila mtu mikono kwanza, uso baadaye. Mzee wa watu analia, mbele yangu, na mimi namkadiria umbali. Hilo nalo ni sehemu ya "kuwa nayo", na kwenye msemo halimo.

Miezi michache baadaye niliitwa mimi. Nilishuka mpaka maegesho ya chini nikakaa garini saa nzima na robo, sijui nilikuwa nawaza nini, au najua ila siandiki. Nashukuru kwamba kiunoni siku hiyo palikuwa na simu tu.

Sisi hili jambo tunalifunika. Tunasema fulani kafariki ghafla, tunapika, tunasoma, tunatawanyika. Wamarekani angalau wanahesabu. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi nchini humu, na 26,328 kati yao walijiua wenyewe. Zaidi ya nusu. Yule adui ambaye shemeji anamwona akipanda ngazi na kofia imeshuka usoni, kwa idadi ya makaburi, ni mdogo kuliko yule anayenyoa ndevu mbele ya kioo asubuhi. Mwaka 2022, kati ya vifo 5,486 vya kazini nchini, 267 vilikuwa vya watu waliojiua. Waliouawa na wenzao au na watu wengine walikuwa 524, na wengi wao si watu wa meza za dirishani: ni wauza maduka wanaovamiwa na wezi, ni madereva, ni walinzi na askari. Ajali za vyombo vya usafiri ziliua 2,066. Kama hofu yako ni kufia kazini, funga mkanda wa gari.

Sasa tuje kwenye hizo dakika tano zenyewe, kwa kuwa hapo ndipo ndoto ilipo. Wiki moja baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook, Desemba 2012, Wayne LaPierre wa chama cha wenye bunduki, NRA, aliwaambia Wamarekani kwamba wa kumzuia mtu mbaya mwenye bunduki ni mtu mwema mwenye bunduki, si mwingine. Sitasema haijapata kutokea. Julai 2022, kwenye jengo la maduka la Greenwood, Indiana, kijana wa miaka 22 alimwangusha mshambuliaji ndani ya sekunde 15, kutoka mbali, na jengo lenyewe lilikuwa limekataza silaha. Aliokoa watu, na anayemkebehi hana haya.

Lakini FBI ilipochunguza mashambulizi 160 ya risasi, ya kuanzia 2000 hadi 2013, ilikuta matano tu yaliyomalizika kwa watu wenye silaha, wasio polisi, kujibizana risasi na mshambuliaji. Manne kati ya hayo yalikuwa ya walinzi waliokuwa zamu. Raia mwenye kibali alikuwa kwenye moja. Na yaliyomalizwa na watu wa mikono mitupu, waliomrukia mtu wakambana chini? Ishirini na moja. Tucson, Arizona, Januari 2011, waliomkamata muuaji hawakuwa na silaha, na mama wa miaka 61 ndiye aliyemkwamisha asipate magazini ya pili. Raia aliyekuwa na bastola alifika pia, akamkuta mtu ameshika bunduki, akakaribia kumpiga. Mtu huyo alikuwa mmoja wa waokoaji. Bunduki alikuwa ameinyakua kwa muuaji. Kijana yule hakuitoa bastola yake, na baadaye alieleza wazi jinsi ilivyobaki kidogo tu. Huyo ni mwenye kichwa baridi.

Na usiniambie utakuwa makini kuliko polisi. Agosti 2012, nje ya Empire State Building, New York, mtu mmoja alimuua mtu aliyewahi kufanya naye kazi, kisa cha chuki za ofisini kabisa. Polisi wawili walimfyatulia risasi 16 kutoka karibu. Alikufa, na wapita njia tisa wakajeruhiwa, wote kwa risasi za polisi au vipande vyake. Hiyo ilikuwa barabarani, mchana kweupe. Ofisi za hapa kuta zake ni za jasi, risasi inazipita kama sindano kwenye kitambaa. Nyuma ya ukuta wa shemeji yuko mama mjamzito wa idara ya madai, shemeji mwenyewe ameniambia.

Watu wa Nairobi wakifika hapa hunitolea mfano wa shambulio la jengo la maduka la Westgate, na wana haki. Septemba 2013, kabla vikosi havijajipanga, raia wenye bastola za leseni waliingia wakawatoa watu. Abdul Haji, ambaye sasa ni seneta wa Garissa, ndugu yake alikuwa amenaswa ndani akamtumia ujumbe, naye akaenda. Namvulia kofia. Lakini tazama vizuri: alitoka nje kwenda kule, akijua anakokwenda na kwa nini, pamoja na wengine. Hilo halifanani na karani aliyeshtushwa katikati ya hesabu za mwisho wa mwezi. Na hata siku ile, kwa mujibu wa taarifa zilizotolewa wakati huo, kamanda wa kikosi maalumu cha polisi aliuawa kwa risasi za wanajeshi wa upande wake. Waliozoezwa miaka mingi hawakutambuana.

Nani atamtambua shemeji? Polisi wa Texas akipasua mlango wa ghorofa ya tatu anatafuta kitu kimoja: mtu mwenye bastola. Wema hauandikwi shatini. Juni 2021, Arvada, Colorado, raia mmoja alimpiga risasi mtu aliyekuwa amemuua polisi, akaokoa watu, kisha polisi mwingine aliyefika akamuua yeye. Huyo alikuwa Mzungu. Philando Castile alikuwa mweusi, mfanyakazi wa chakula shuleni kule Minnesota, na kibali alikuwa nacho. Aliposimamishwa barabarani Julai 2016 alimwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha. Alipigwa risasi akiwa kwenye kiti cha gari, mpenzi wake pembeni na mtoto nyuma, na mwaka uliofuata baraza la mahakama likamwachia askari. Shemeji ni mweusi, na akishtuka Kiingereza chake hurudi Tanga. Wanaomwambia abebe hawajamwambia atapiga kelele gani kwa lugha gani mlango ukipasuka.

Mwaka 2005, mtafiti Dana Loomis na wenzake walichapisha uchunguzi wa maeneo ya kazi ya North Carolina. Mahali palipokubali bunduki palikuwa na uwezekano mara tano hadi saba zaidi wa mfanyakazi kuuawa kuliko mahali palipokataza silaha zote. Mbishi atasema pengine ni penye hatari ndipo wanaporuhusu. Watafiti nao walilifikiria hilo, wakapima na hali nyingine za mahali, na tofauti haikuondoka. Nilimsomea shemeji. Akaniambia takwimu ni za watu wengine. Nikamwambia basi achana nazo, nipe mahesabu yako: katika saa 60,000, utaitoa kiunoni mara ngapi kwenda chooni, na mara ngapi utakuwa na siku mbaya?

Hakunijibu siku hiyo. Walimaliza pilau, wakaaga, na mmoja wao alinibonyeza begani njiani kuelekea gari kunionyesha kwamba yake anayo.

Jumatano usiku simu ikalia. Shemeji hakutaja bastola, nami sikumuuliza. Alisema ameutafuta mlango wa pili. Uko nyuma ya chumba cha mashine za kopi, na umezibwa na maboksi ya karatasi mpaka kwenye kitasa, tangu nani ajue. Saa yake ya chakula cha mchana ameimalizia kuyahamisha, yeye na yule mama wa idara ya madai, ambaye alikuwa anamwelekeza tu kwa kidole kwa sababu kunyanyua hawezi.