Kwanza tujenge mahali pa kuanika nguo



Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo, nalo ni namna tunavyokausha taulo na nguo zetu.

Siku hizi baadhi ya wenzetu wanaojenga nyumba za kisasa hufunga bafuni vyuma vya umeme vya kukaushia taulo. Ndugu mmoja anayejenga hapa kijijini ameniomba nimsaidie kuchagua. Kwa kuwa huenda wapo wengine wenye swali hilo, ningependa jibu langu lisomwe na wote.

Tuanze na hesabu. Chuma cha wati 100 kikiwashwa usiku na mchana hula uniti 2.4 kwa siku, yaani uniti 72 kwa siku 30. Mtumiaji mdogo wa TANESCO hupata bei nafuu iwapo hazidishi uniti 75 kwa mwezi. Basi taulo peke yake zitakula karibu fungu lote, na taa, redio na pasi vitagombania uniti 3 zilizobaki. Kikiwashwa kwa saa 3 tu kila siku, kitakula uniti 9 kwa mwezi. Tofauti hiyo si ndogo kwa mtu wa mshahara wa kima cha chini.

Hata hivyo sisemi kwamba chombo hiki ni anasa tupu. Wilaya yetu haina hali moja ya hewa. Huku chini kwenye mashamba ya machungwa, taulo ikianikwa asubuhi ya jua, adhuhuri imekauka. Lakini kule Amani, yapata mita 900 juu ya usawa wa bahari, kuna ukungu na mvua nyingi, na nguo yaweza kukaa siku mbili kambani bado ina unyevu. Mwenye uwezo wa kule simlaumu. Namshauri achague chenye wati chache, kinachojizima chenyewe baada ya muda, kifungwe na fundi mwenye leseni mbali na maji, na swichi iwe nje ya bafu.

Jambo linalonisukuma kuandika ni afya za watoto wetu. Ukungu wa ngozi hustawi penye unyevu, na taulo moja inayofuta watu sita huwagawia wote maradhi ya mmoja. Trakoma, ambayo huweza kupofusha, hupita katika mikono, nguo na taulo za kuchangia. Mwanzoni mwa 2024 maradhi ya macho mekundu yalienea Dar es Salaam na kisha mikoani, nayo huambukiza kwa njia hizo hizo. Tena yuko nzi anayetaga mayai juu ya nguo mbichi iliyoanikwa kivulini au kutandazwa chini. Buu lake huingia mwilini na kufanya jipu. Dawa yake ni jua kali na pasi ya moto, hata iwe ya mkaa.

Wanaoumia zaidi ni wasichana. Mwanafunzi anayetumia vitambaa katika siku zake huona haya kuvianika hadharani, hivyo huvificha chini ya godoro vikiwa vibichi. Hapo tunamfundisha usafi darasani, lakini hatumpi mahali pa kuutekeleza.

Jambo la kusikitisha ni kwamba tunajenga nyumba za walimu, mabweni na zahanati kwa fedha nyingi, tukaweka vigae na mabomba, lakini katika ramani hakuna hata kamba ya kuanikia nguo. Matokeo yake shuka huanikwa juu ya michongoma na taulo juu ya milango.

Kwa hiyo natoa rai kwa halmashauri zetu na kamati za ujenzi kwamba kila jengo la namna hiyo liwe na nguzo na kamba za kuanikia, mahali penye jua na upepo. Upande mmoja uezekwe kwa mabati yanayopitisha mwanga kwa ajili ya masika na vuli, na kwenye mabweni ya wasichana pawe na ua wa kuwasitiri. Gharama yake ni nguzo chache, waya, mabati machache na kazi ya fundi ya siku mbili. Nasi wazazi tujitahidi kila mtoto awe na taulo yake, hata ikiwa ni kipande cha khanga kuukuu.

Yule ndugu nimemjibu kwamba ajenge kwanza kamba uani. Ikifika masika akaona haimtoshi, ndipo anunue chuma cha umeme.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Muheza, Tanga.