Aliyefika Maskati ni Nani?

Imezuka kwetu aina ya makala ya safari ambayo mimi, msomaji wenu wa bara, nimechoka kuisoma. Mwandishi amekaa Maskati siku 7, amenyweshwa kahawa ya iliki, amelishwa tende na halua, ameingizwa Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos asubuhi, baina ya saa 2 na saa 5, muda waliotengewa wageni wasiokuwa Waislamu. Kisha hurudi akatutangazia kuwa ameujua Uislamu na utamaduni wa watu wa Ghuba. Ukarimu wao, asema, hauna mfano.

Sisemi aongopa. Msikiti ule, uliofunguliwa mwaka 2001, ni kazi ya kushangaza, na mgeni huelezwa kwamba zulia la ukumbi wake lilifumwa kwa mkono na wanawake 600 wa Iran kwa miaka 4. Tarakimu hiyo mwandishi huinukuu kwa furaha. Ninaloshindana naye ni hili: mbona wanawake wa zulia aliwahesabu, na aliyempikia chakula katika nyumba aliyokaribishwa hakumuuliza hata jina?

Mimi ni mtu wa Dumila, pale njia ya Dodoma inapoachana na ya Kilosa. Basi likisimama huzungukwa na mabeseni ya nyanya na vitunguu, na wauzaji wengi ni wasichana. Mara kwa mara mmoja hutoweka. Ukiuliza waambiwa: yuko Arabuni. Binti wa jirani yangu alitoweka hivyo kwa miaka 2. Alikuwa amekwisha kuhitimu msahafu katika madrasa ya kwetu kabla hajapanda ndege, kwa hiyo hakwenda kufundishwa dini. Nyakati za sala alijifunza upya, kwa kipimo cha jiko: alfajiri maji ya moto, adhuhuri wali, magharibi masinia. Mwezi wa Ramadhani alilala baada ya kuosha vyombo vya daku. Msikiti Mkuu aliuona mara 1 tu, kupitia kioo cha gari, amempakata mtoto wa watu. Pasipoti yake ilifungiwa kabatini mwa tajiri, na mshahara wa miezi 3 haukutoka mpaka leo.

Amri zote alipewa kwa Kiswahili. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Bibi wa nyumba ile alizaliwa Unguja. Wengi wa asili ya Oman walivihama visiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na Sultan Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970 akawaita warejee. Wakaenda na lugha yao. Waandishi wetu wakikisikia Kiswahili sokoni Matrah hulengwalengwa na machozi ya udugu. Binti yule alikisikia tangu saa 10 za alfajiri. Mbele ya wageni aliitwa mwanangu. Wageni wakiondoka, khadama.

Wapo watakaosema nautukana Uislamu. La hasha! Mtume alifundisha kwamba mwajiriwa alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Anayeutukana ni yule aliyezuia miezi 3, na aliyeinywa kahawa yake akaisifu. Wala si kisa cha nyumba moja. Shirika la Human Rights Watch liliwahoji wanawake 50 wa Tanzania waliotumika majumbani Oman na Emirati, likatoa ripoti mwaka 2017, na habari za pasipoti zilizofichwa zimejaa humo. Sheria ya Kazi ya Oman ya mwaka 2023 ilipotangazwa, watumishi wa majumbani waliachwa nje yake. Nasi huku mikono yetu si safi: wakala aliyempeleka binti yule ni Mtanzania, tena ni Muislamu mwenye kuswali safu ya mbele.

Anayetaka kujua namna Uislamu, Waomani na watu wa bara walivyokutana, aanzie Bagamoyo, kwa habari za Sheikh Ramiya. Alitolewa Kongo mtumwa, angali mtoto, akakulia katika nyumba ya Mwarabu wa Oman. Akasoma, akawa khalifa wa tarika ya Qadiriyya, mwenye muridi mwambao na bara, hadi alipofariki mwaka 1931. Huyo aliijua nyumba ya Kiomani kwa kuingia mlango wa nyuma, na elimu aliyotoka nayo hakuna mgeni wa sebuleni aliyepata kuifikia.

Ndugu mhariri, utakapoletewa tena makala ya Maskati, muulize mwandishi kama alifika jikoni. Binti wa jirani yangu yupo na beseni lake, upande yanakosimama mabasi ya Dodoma. Juzi nilimuuliza mji wa Maskati ukoje. Alifikiri kidogo, akasema nyumba anaweza kunieleza chumba kwa chumba, lakini mji, mwalimu, hakufika.