TAHARIRI: BREKI HAZIPIMWI KWA MACHO



Wenzetu wa upande wa magari, madereva na makanika wanaokwenda Liboi, wametuuliza jambo linaloonekana dogo, kumbe lina roho za watu ndani yake. Ni lini diski ya breki yafaa kukerezwa, na ni lini yafaa kutupwa ikatiwa mpya? Jibu letu ni fupi. Neno hilo lisiamuliwe na macho ya fundi, wala na mfuko wa mwenye gari. Liamuliwe na kipimo.

Labda mtu atauliza, watu wa reli wana shughuli gani na breki za motokaa? Reli haifiki Garissa, sembuse Liboi. Lakini mizigo ikishushwa na garimoshi Nairobi haimalizi safari yake hapo. Mingine hupakiwa kwenye malori na pikapu, ikapita Thika, Matuu, Mwingi na Ukasi, ikavuka daraja la Mto Tana, ikafika Dadaab, na mwisho Liboi karibu na mpaka wa Somalia. Aliyeshika usukani ni mfanyakazi kama sisi, na taniboi aliye juu ya mzigo ni mfanyakazi kama sisi.

Tena wako wanaosema kwamba nchi ile ni tambarare, kwa hiyo breki hazina kazi kubwa. Maneno hayo yanapoteza watu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mji wa Garissa uko karibu mita 150 tu. Maana yake ni kwamba gari lishukalo kwenda Garissa, likiwa limejaa mzigo, linateremka kadiri ya mita 1,500. Kazi kubwa ya breki hufanyika hapo. Baada ya Garissa njia ni sawa, dereva hakanyagi sana, na ubovu hujificha. Anakuja kuujua siku ngamia anapotoka vichakani na kusimama katikati ya barabara.

Sasa tuseme juu ya diski yenyewe. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Pedi mbili huibana diski, chuma hupata moto, na upepo huupoza. Diski nene hupokea joto jingi bila kudhurika. Diski iliyolika ikawa nyembamba hupata moto upesi, hupasuka au kulika vibaya, na joto lake huingia katika mafuta ya breki hata yakachemka. Mafuta yakichemka, pedeli hulala chini na gari halisimami. Tena diski na pedi zikiwa nyembamba pamoja, pistoni hutoka nje kupita kiasi, nayo huweza kukwama au kuvujisha mafuta.

Kwa sababu hiyo waliotengeneza diski wameipigia mhuri. Safisheni ukingo wake au sehemu ya katikati, mara nyingi mtaona herufi MIN TH na tarakimu ya milimita. Huo ndio unene wa mwisho. Ikiwa mhuri umefutika, tarakimu hiyo hutafutwa katika kitabu cha gari. Kwa mfano, diski iliyokuwa milimita 22 ilipokuwa mpya yaweza kuandikwa 20. Tazameni jinsi nafasi ilivyo ndogo: milimita mbili tu, moja kila upande. Hakuna jicho la mtu liwezalo kusoma hayo.

Kipimo chake ni maikromita. Msiweke venia juu ya ukingo wa nje, kwa sababu pedi haifiki pale na ukingo haujalika; mtapata unene wa uongo. Ingieni ndani kadiri ya milimita 10, mkapime mahali panane kwa kuzunguka. Kipimo kidogo kuliko vyote ndicho cha kweli. Na kama vipimo vinatofautiana hata kwa sehemu mbili au tatu za mia moja ya milimita, pedeli yaweza kutetemeka mguuni mwa dereva. Nywele ya kichwani ni nene kuliko tofauti hiyo.

Basi kuna hukumu tatu.

1. KUIACHA. Diski ikiwa laini, nene ya kutosha, na pedeli haitetemeki, tieni pedi mpya tu. Si lazima kukereza kila mara pedi zinapobadilishwa. Kila kukereza kunakula chuma ambacho hakirudi. Kutu nyepesi ya usiku mmoja si ugonjwa. Hufutika kwa kukanyaga breki mara chache.

2. KUIKEREZA. Diski ikiwa na mifereji, au imelika kwa kutofautiana, yaweza kupelekwa kwenye mashine ya kukereza, maadamu baada ya kukerezwa itabaki juu ya ile tarakimu ya mhuri. Wala isibaki juu kwa uzi mmoja tu, kwa maana itaendelea kulika barabarani. Piga hesabu kabla ya kukereza, usingoje kuipiga baadaye.

3. KUITUPA. Diski iliyofika kwenye tarakimu ya mhuri, au isiyoweza kukerezwa bila kuifikia, haina dawa. Iliyopasuka haina dawa. Yenye madoa ya buluu ishukiwe sana, kwa kuwa joto limekwisha kukigeuza chuma. Hata ikikerezwa, pale pagumu huinuka tena na mtetemo ukarudi. Na diski zibadilishwe au zikerezwe mbili mbili, kulia na kushoto, ili gari lisivute upande mmoja.

Kabla ya kuihukumu diski, tazameni kwanza mambo mengine. Kutu au mchanga ukikaa kati ya diski na habu, diski hukaa upande na kuyumba. Nati za gurudumu zikikazwa moja kwa nguvu zote na nyingine kidogo, matokeo ni yale yale. Beringi iliyolegea pia hutetemesha gari. Katika njia ya Dadaab na Liboi mchanga huingia kila mahali, nao ukikaa kati ya pedi na diski huchora mifereji. Na mtu asimwage maji juu ya diski iliyo moto ili aipoze. Chuma hushtuka kikapasuka. Afadhali gari lipumzike, na maji yanywewe na watu.

Wenye malori makubwa ya ngoma wasidhani hayawahusu. Ngoma hulika kwa ndani na kutanuka, kwa hiyo mhuri wake huonyesha upana wa mwisho. Sheria ni ile ile: kipimo kikipita, ngoma imekwisha.

Ndugu, sisi wa reli jambo hili tunalijua. Gurudumu la behewa likilika hukerezwa, likalika tena, likakerezwa tena, mpaka lifike mwisho wake. Siku hiyo mkaguzi huweka geji, na geji ikikataa, behewa haliondoki, hata mzigo uwe wa nani. Nasi tunajua gharama ya breki zisizozuia. Tarehe 24 Juni 2002, katika mkoa wa Dodoma, Tanzania, garimoshi la abiria lilirudi nyuma mlimani bila kuzuilika, likagongana na garimoshi la mizigo. Watu zaidi ya 280 walikufa. Baada ya mambo kama hayo hakuna mtu awezaye kusema kwamba spea ni ghali.

Huko barabarani, lakini, geji haina sauti. Dereva husema, "Breki zinatetemeka." Huambiwa, "Bado zinashika, peleka mzigo, ukirudi tutatazama." Akikataa, safari hupewa mwingine. Akikubali na ajali ikatokea, yeye ndiye atakayeitwa mzembe, na kama amekufa hatajibu. Wala tusiwalaumu matajiri peke yao. Wako mafundi wanaokereza diski iliyokwisha ili wapate ujira wa siku moja, na wako wanaookota diski iliyotupwa wakaiuza tena.

Yafaa mjue kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 ya Kenya inamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa iliyo karibu, tena inakataza kumfukuza au kumwadhibu aliyejiondoa katika hatari ya namna hiyo kwa sababu ya kweli. Lakini sababu ya kweli huhitaji ushahidi. Neno "zinatetemeka" ni rahisi kubishiwa. Tarakimu iliyoandikwa, pamoja na tarehe, ni vigumu kuibisha.

Kwa hiyo tunataka mambo manne. Kwanza, kila gereji inayopeleka magari Garissa na Liboi iwe na maikromita, na mtu ajuaye kuitumia. Pili, kila gari liwe na daftari la breki, na vipimo viandikwe kabla ya kupakia mzigo Nairobi, si baada ya kukwama Dadaab. Tatu, dereva na taniboi wasikatwe ujira siku gari linaposimama kwa sababu ya breki. Nne, diski iliyokataliwa ivunjwe kwa nyundo mbele ya fundi na dereva, isirudi sokoni.

Matawi yalijadili jambo hili katika mkutano ujao, na makatibu watuletee majibu ya wenye magari, waliokubali na waliokataa. Mtu mmoja akidai maikromita ataitwa mkaidi. Tukidai sote, itanunuliwa.

UMOJA NI NGUVU.

MHARIRI