Chupa Moja, Dawa Nyingi

Hapa Ujiji twaona mwenye kikohozi cha makohozi akinywa dawa ya maji, kisha akiongeza Panadol kwa ajili ya homa. Twamnasihi asome kwanza kibandiko. Dawa nyingi za mchanganyiko zina parasetamoli ndani yake, na mtu mzima asipitishe gramu 4 kwa saa 24, chupa na vidonge kwa pamoja. Ikizidi, ini hudhurika, naye huenda asihisi kitu siku ya kwanza. Nyingine hulewesha usingizi. Mvuvi wa dagaa asizinywe akaingia ziwani usiku! Kikohozi kikitimiza wiki 2, aende kupimwa kifua kikuu. Vipimo na dawa zake katika hospitali za serikali ni bure.