Bibi Aliyefundisha Piano

Wapo akina mama wengi kati yetu waliolazimika kumwacha mtoto kwa bibi yake au kwa yaya ili waende kutafuta riziki. Maneno ya watu juu ya mama wa namna hiyo mnayajua. Mwezi huu nawaletea habari za mama mmoja wa Ujerumani aliyesemwa hivyo hivyo, na ambaye uzeeni alikuwa bibi na mwalimu wa piano ambaye wanafunzi wake hawakumsahau. Ni Clara Schumann. Wajerumani waliweka sura yake kwenye noti ya marki 100, iliyotumika mpaka sarafu ya euro ilipochukua nafasi yake mwaka 2002. Sura ya kwenye noti ni ya msichana. Mimi nampenda zaidi yule wa picha za uzeeni, mwenye kitambaa kichwani na macho yaliyochoka.

Alizaliwa Leipzig tarehe 13 Septemba 1819. Baba yake, Friedrich Wieck, alifundisha piano na kuuza vinanda. Wazazi waliachana Clara akiwa bado mdogo, na kwa sheria ya Saxony ya wakati ule mtoto akabaki kwa baba. Alichelewa sana kusema, hata watu wakadhani hasikii vizuri. Lakini vidole vyake vilisema mapema: akiwa na miaka 9 alipiga piano mbele ya watu katika ukumbi wa Gewandhaus. (Piano si kile kinanda cha kanisani kinachotoa sauti kwa upepo. Ndani yake mna nyundo ndogo zinazogonga nyuzi, na ukibonyeza kwa hasira, sauti nayo hutoka na hasira.)

Mume aliyempenda, mtunzi wa muziki Robert Schumann, baba yake alimkataa katakata. Shauri likafika mahakamani, wakashinda, wakafunga ndoa siku moja kabla Clara hajatimiza miaka 21. Mungu akawajalia watoto wanane. Mmoja, Emil, akafa mchanga.

Mwezi Mei 1849 yalizuka mapigano katika mji wa Dresden walikokuwa wakiishi. Waasi walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta wanaume wa kushika silaha. Clara alimtorosha mumewe pamoja na binti yao mkubwa, Marie. Wadogo watatu wakabaki nyumbani na mtumishi. Basi usiku wa manane, akiwa na mimba ya miezi saba, alirudi kwa miguu akikatiza mashambani, akaingia mjini, akawatoa wanawe. Huyo ndiye mama ambaye wengine wamesema alipenda piano kuliko watoto!

Msiba mkubwa ulikuja mwaka 1854. Robert alipata ugonjwa wa akili, akajitupa katika mto Rhine. Aliokolewa, akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Endenich, karibu na Bonn. Clara alikuwa mjamzito tena. Madaktari walimzuia asimwone mumewe, na alipokuja kumwona baada ya zaidi ya miaka miwili, Robert alibakiza siku mbili tu za kuishi. Akawa mjane wa miaka 36 mwenye watoto saba.

Marafiki walitaka kumchangia fedha. Hakutaka kuishi kwa michango; alitaka kupiga piano. Ndipo safari zikaanza, mji kwa mji, nchi kwa nchi, na Uingereza alikwenda mara nyingi. Watoto waligawanywa: wengine kwa ndugu, wengine shule za bweni. Mama aliwalea kwa barua na kwa ada alizotuma. Sisemi kwamba watoto hawakuumia. Mtoto anayelelewa kwa barua hukosa kitu, na mama anayeziandika hukosa pia. Lakini wanaomhukumu hawatuambii mkate wa watoto saba ungetoka wapi.

Mwaka 1878, akiwa na karibu miaka 59, alikubali kuwa mwalimu wa piano katika chuo cha muziki cha Hoch, mjini Frankfurt. Sasa akawa na nyumba ya kutulia. Marie na mdogo wake Eugenie, ambao zamani waliachwa nyuma, sasa walifundisha pamoja naye, wakiwaandaa wanafunzi kabla hawajafika mbele ya mama. Wanafunzi walitoka nchi mbalimbali. Fanny Davies na Adelina de Lara walitoka Uingereza, na Carl Friedberg baadaye alifundisha New York. Wote aliwadai jambo lile lile: usipige piano, iimbishe. Vidole vikae karibu na funguo, vibonyeze, visigonge. Usikimbilie sehemu za haraka ili watu wakushangae. Piga alichoandika mtunzi, si unachojisikia wewe.

Nyumbani, misiba haikukoma. Binti yake Julie alikuwa amekwisha kufa mwaka 1872, akiacha watoto wadogo. Felix, kitinda mimba ambaye baba yake hakupata kumwona, alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1879, akiwa na miaka 24. Ludwig alikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Ferdinand alirudi kutoka vita ya mwaka 1870 na maumivu ya viungo, akapewa mofini, dawa ikamtawala, naye akafa mwaka 1891. Bibi mwenye mikono inayouma na masikio yanayovuma akabeba mzigo wa wajukuu, watoto wa Ferdinand. Mwaka huo huo alipiga mbele ya watu kwa mara ya mwisho, na mwaka uliofuata akaacha chuo. Nyumbani aliendelea kufundisha.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwa amelifundisha kwa maandishi. Kabla ya kuanza kipande chochote, Clara alikuwa na desturi ya kupiga kwanza utangulizi mfupi, wa papo hapo, usioandikwa popote. Binti zake waliona utapotea. Mwaka 1895 walimwomba auandike, naye, akiwa na miaka 76, akakaa na karatasi akaandika aliyoweza kuyakamata.

Masika ya mwaka 1896 alipatwa na kiharusi. Mjukuu wake, aliyeitwa Ferdinand kama baba yake, alikuwa akiishi naye. Siku za mwisho bibi alimwomba ampigie Romansi moja ya Robert, babu ambaye kijana huyo hakuwahi kumwona. Akampigia, na bibi akasikiliza. Alifariki tarehe 20 Mei, wakamzika Bonn kando ya mumewe.