Biharusi, usishinde na njaa kwa ajili ya gauni



Mimi ni fundi cherehani hapa Bagamoyo, na kila msimu wa harusi nasikia maneno yaleyale: "Dada, nishonee la kubana, mpaka siku yenyewe nitakuwa nimepungua." Ukimuuliza atapunguaje, jibu ni kushinda na njaa, au vidonge vya mtandaoni ambavyo hata anayeviuza hajui vina nini. Mimi siungi mkono. Gauni ndilo lifuate mwili. Ukitaka wepesi, fanya mazoezi.

Najua mtaniuliza, wapi? Ufukweni jioni kumejaa vijana na mpira, na jimu nyingi wake kwa waume wamechanganyika. Ndiyo maana nayatetea mazoezi ya vipindi vifupi vya nguvu, maarufu kama HIIT. Yanataka chumba, mlango uliofungwa na saa ya simu, basi. Unaruka au unachuchumaa na kuinuka kwa nguvu zako zote, unapumzika kidogo, unarudia.

Mtindo unaojulikana sana ni wa Izumi Tabata wa Japani, aliyetoa utafiti wake mwaka 1996: sekunde 20 za kazi, sekunde 10 za kupumzika, mara 8. Jumla dakika 4. Lakini wale aliowapima walikuwa vijana wenye mazoezi tayari. Wewe anza na sekunde 20 za kazi na 40 za kupumzika, mara 4 au 5. Mwenye presha, mjamzito au aliyejifungua karibuni amuone daktari kwanza.

Na asikutishe mtu kwamba mwanamke wa stara hatoki jasho. Bi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.), na mara ya kwanza alimshinda. Basi biharusi anapowekwa ndani kwa singo na hina, somo wake amtengee na dakika hizi pia.

Sikudanganyi, wiki mbili hazitakutoa tumbo. Zitakupa pumzi, na ukiendelea baada ya harusi utaona mengi zaidi.

Kwa hiyo njoo na vipimo vyako vya leo. Nitaacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono: ukipungua tutabana, ukinenepa tutaachia.